Kapita na Zamu Iliyongoja

Kapita hakuwahi kuingia cyber yetu ya intaneti, hapa Bukavu, bila kumpa kila mtu mkono. Hata kama tulikuwa katikati ya vita na joka, hata kama nusu ya kundi letu ilikuwa chini na nusu inayumba, yeye alianzia kiti cha mlangoni, akanyoosha mkono wake mkubwa mkavu, akangoja. Ilibidi uachie kipanya. Mzee hapewi mkono wa kushoto. Kwa hiyo kila alasiri, saa za kutoka ofisini, mmoja wetu alianguka mchezoni kwa sababu ya adabu.

“Papa Kapita, umeniangusha!” Fiston alipiga kelele. Fiston alikuwa kijana wa mtaa wa Kadutu, mpiganaji wetu wa mbele, mwenye mdomo mrefu kuliko upanga wake.

“Dragon itakungojea. Maman yako iko muzima?”

“Iko muzima, Papa, lakini mimi niko chini!”

“Basi tumushukuru Mungu juu ya maman.” Na akahamia kiti kinachofuata.

Nimeanza na mikono yake kwa sababu nimeanza kwingine mara nyingi nikafuta. Mimi ni mtu wa kufuta. Shule niliiacha katikati wakati wa vita, na kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa kunakili kurasa za kitabu cha misa na kusikiliza jinsi watangazaji wa redio wanavyomaliza sentensi zao. Mpaka leo nikiandika neno nahisi kuna mtu nyuma yangu ameshika kalamu nyekundu. Mchezoni nilikuwa hivyo hivyo. Kazi yangu ilikuwa kuponya wenzangu. Mtu akianguka nilijua kosa ni langu, hata kama amejirusha mwenyewe kwenye moto. Niliandika “pardon” kwenye ukurasa wetu wa maongezi mpaka siku moja Kapita akageuka kwenye kiti chake.

“Munganga, uko unaomba pardon ya nini? Hata hatujaingia.”

“Kama nitachelewa, Papa.”

“Utachelewa. Kisha tutarudia. Njo kazi yenyewe.”

Ilikuwa kweli, ndiyo kazi yenyewe. Mchezo ule ulikuwa wa Kifaransa, wa kwenye mtandao. Unajitengenezea mtu, unampa jina, unamtembeza katika nchi ya kubuni pamoja na watu wengine walioketi mbele ya kompyuta zao, Bukavu, Bujumbura, Ulaya. Mnapigana, mnapanda daraja. Lakini madaraja yana mwisho, na watengenezaji hawataki uondoke ukifika mwisho. Kwa hiyo huko juu kabisa waliweka mnara, na kileleni joka, na kila juma joka lile lile linafufuka. Mkiliangusha linaacha kipande kimoja tu cha vazi la chuma, kwa kundi zima. Juma linalofuata mnaanza tena kwenye ngazi ya chini. Katikati ya juma kuna vikazi vya kila siku: kuokota majani, kuponda mawe, kumpelekea maji mlinzi ambaye jana ulimpelekea maji. Ukiingia kila siku unapewa zawadi, na zawadi inakua. Ukikosa siku moja, unarudishwa mwanzo.

Kapita ndiye aliyeipa kazi hiyo jina. Aliiita salongo. Sisi vijana tuliijua salongo kwa kusimuliwa tu: Jumamosi za utawala wa zamani, watu wakitolewa majumbani na majembe yao kufyeka kando ya barabara, bila malipo, na ole wako usionekane. Fiston akasema kama hii ni salongo, basi mzee ni kapita, yaani msimamizi wa kazi. Jina likamganda, hata majirani zake wa Muhumba wakalitumia.

Alikuwa mtumishi wa serikali katika ofisi ya kupima viwanja. Serikali ilikuwa imesahau kuwalipa tangu vita vilipoanza. Hata hivyo kila asubuhi alipiga pasi shati, akashuka kwa miguu, akatia sahihi ya kuhudhuria, akaketi. Nilimwuliza kwa nini.

“Kama sionekane, banatia mwingine mu nafasi yangu.”

“Lakini hiyo nafasi haina kitu, Papa.”

“Iko na kitu. Iko na mimi.” Akacheka kwa mabega, bila sauti. “Hawa bazungu ba mchezo banafikiri bo njo banavumbua hii mambo ya kuonekana kila siku. Balete mumoja mu ofisi yetu, atajifunza.”

Watengenezaji walikuwa na zawadi za kumshika mtu asiondoke. Kapita alikuwa na miguu. Mtu akikosekana, alimfuata kwao, Kadutu, Panzi, Nguba, popote. Kisa cha Fiston tulikirudia mpaka kikachakaa. Fiston alikuwa ameacha kuja kwa uvivu tu, na Kapita akapanda mpaka kwao, akapiga hodi. Mama yake akatoka.

“Fiston iko, maman?”

“Ni nani anamutafuta?”

“Ni muzee wa kikundi chake. Hatumuone tena.”

“Kikundi cha maombi?”

Hapa Kapita alipata shida, maana alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi na uongo ulimkwama kooni. “Tunapandaka pamoja, maman,” akasema.

“Munapandaka ku mulima kuomba!” Mama akageuka ndani. “Fiston! We Fiston! Batu ba Mungu banakufuata mpaka ku mulango, na weye umelala sawa gunia!”

Tangu hapo mama yule alimtuma Fiston kwenye mnara kila juma, amevaa shati safi. Hatukumwambia kamwe. Fiston alisema ndiye mtu pekee wa Bukavu anayepigwa kwa kutokwenda kucheza.

Lakini Kapita alikuwa na mambo yake ambayo hayakupatana. Msimu wa mitihani alisimama mlangoni na kuwafukuza wanafunzi, “Rudi ku masomo, dragon haitakupa diplôme,” kisha yeye mwenyewe akatoroka ofisini mapema. Aliwakataza watu kuzungumza habari za vita ndani ya cyber, lakini kwenye mnara alitoa amri kwa sauti kama ya komanda, na Lingala, lugha ya askari, ikamtoka, yeye ambaye nje alizungumza Kiswahili na Mashi ya kwao tu. Aliniambia nisiogope kukosea. Yeye alirudia kufunga kamba za viatu mpaka vitanzi viwe sawa pande zote mbili. Niliona, na sikumwambia, kwa sababu mimi pia hufanya hivyo.

Tena alipiga marufuku neno moja. Siku moja risasi zilikuwa zimelia asubuhi upande wa juu wa mji, kisha zikanyamaza, nasi tukaingia mnarani. Joka likatumwagia moto, Fiston akapaza sauti, “Tumekufa! Tumekufa bote!” Mama aliyekuwa akiuza mikate nje akaingia mbio, kitenge mkononi, akitazama sakafu. Alikuwa anatafuta damu. Alipotuona tumeketi na kucheka, alisimama pale kidogo, halafu akaanza kututukana, halafu akalia. Kapita aliinuka, akampa kiti chake. Alipoondoka, Kapita akasema kuanzia leo hapa mtu anaanguka, hafi. Atakayesema lile neno lingine atapanda mnara bila munganga. Tukatii. Sijawahi kuona sheria yake ikivunjwa hata na watu wa Bujumbura, ambao walikuwa wanatusoma tu kwenye ukurasa.

Jambo alilojivunia lilikuwa likelemba. Mtu yeyote wa kwetu anaijua: kundi la watu wanachanga, na kila mara anakula mmoja kwa zamu, mpaka wote wamekula. Makundi mengine mchezoni yaligawa vazi la joka kwa kura au kwa ugomvi, na kila mwenye bahati alipolipata aliondoka, kundi likafa. Kapita alileta likelemba. Zamu ilijulikana na wote, na aliyekwisha kula aliendelea kupanda ili mwenzake ale. Yeye alijiweka wa mwisho. Kuna Mbelgiji mmoja aliyetucheka sana kwenye ukurasa, akisema sisi ni ushirika wa akina mama wa sokoni. Baada ya muda akaomba kuingia. Kapita akamkubalia, akamweka nyuma kabisa, mbele yake tu.

“Atakimbia akisha kula,” Fiston akasema.

“Huyu? Tangu azaliwe hakuna mutu alimungojea,” Kapita akajibu. “Hatakimbia.”

Na hakukimbia.

Likelemba ilimtia doa mara moja. Kijana aitwaye Cikuru alinyamaza majuma mengi wakati wa mapigano ya upande wa Uvira. Tuliona jina lake kwenye skrini, limetiwa rangi ya kijivu kama la mtu asiyekuwepo. Zamu yake ikafika, tukangoja kidogo, tukampa anayefuata. Cikuru akarudi. Alikuwa amejificha kwa mjomba wake, hana simu wala mtandao. Alitazama sanduku la kundi mle mchezoni, akatazama vazi lililopaswa kuwa lake likiwa mwilini mwa mwingine, akaandika, “Kumbe mulishanizika.” Akatoka, na hakuingia tena. Kapita alimfuata kwao, na kwa mara ya kwanza miguu yake haikusaidia.

Baada ya hapo akatoa sheria iliyokuja kumrudia mwenyewe. Alisimama katikati ya cyber akaisema kwa sauti, kisha akaiandika kwenye ukurasa ili na walio mbali waione: mtu anatoka katika zamu siku familia yake inapoketi kilio, wala si kabla. Kunyamaza si kufa. Njia kufungwa si kufa. Mpaka watu wakae chini mbele ya nyumba yake na kulia, nafasi yake ni yake.

Sasa nifike kwa Murhula.

Murhula alikuwa mtoto wa kwanza wa Kapita. Alicheza nasi, mpiganaji kama Fiston, lakini mtaratibu, mwenye kupenda kusubiri wengine wapande kwanza. Alipopata diploma na kukosa kazi Bukavu, alikwenda Kamituga, kwa mjomba wake aliyekuwa na duka karibu na machimbo ya dhahabu. Siku ya kuondoka alipita cyber na begi mgongoni. Zamu yake ilikuwa inayofuata.

“Munichungie tour yangu,” akatuambia.

“Rudi mbio,” Fiston akasema, “la sivyo nitaivaa mimi.”

“Wewe? Na hilo tumbo?”

Tukacheka. Pikipiki ikamchukua. Juma lile lile barabara ya Kamituga ikafungwa na mapigano, na huko simu zikawa hazipiti. Sisi tukapanda mnara, joka likaanguka, vazi likawekwa sandukuni kwa jina la Murhula. Kapita akasema litangoja.

Likangoja. Juma lililofuata kipande kingine kikaongezwa juu yake, na kingine. Joka haliwezi kukataa kutoa, lakini zamu ilikuwa imesimama. Watu wakaanza kukosekana. Kapita aliwafuata kwao, nao walimpa chai, wakamwonea huruma, wasirudi. Kisha vita vikashuka kutoka upande wa Kavumu mpaka mjini, cyber ikafungwa, tukajificha chini ya vitanda. Ilipofunguliwa tena, mahali pa kioo cha mbele palikuwa na karatasi ya nailoni. Kapita alikuwa mlangoni kabla ya mwenye cyber.

Fiston ndiye aliyethubutu. “Papa, tuko tunapanda bure. Turuke tour ya Murhula, akirudi atakula mbele ya bote. Iko mubaya gani?”

“Cikuru tulimuruka.”

“Murhula ni mutoto yako, hatakasirika.”

“Njo maana,” Kapita akasema. “Kama ni ya mutoto yangu niiruke, ya mutoto ya mwingine nitaichunga namna gani?”

Ni lazima niseme kwamba baada ya Murhula zamu ilikuwa yangu. Sikuitaka, na niliitaka. Miezi ile nilihesabu kila neno nililosema mbele ya Kapita ili lisije likasikika kama la mtu anayengoja.

Halafu siku moja mke wa Kapita alikuja. Maman Murhula hakuwahi kukanyaga cyber. Alisimama kati ya viti na kitenge cheusi begani, na sote tukavua spika za masikioni bila kuambiwa. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyepita misituni kutoka Kamituga, akaleta habari kwamba duka la mjomba lilichomwa na vijana waliokuwemo hawakuonekana. Ndugu za mama walikuwa wamekuja kutoka kijijini ili waketi kilio. Kapita aliwarudisha kwao.

“Papa Murhula,” mkewe akasema, “uniache nilie.”

“Utalia nani? Nani alikuonyesha maiti?”

“Kila siku ninamuwekea chakula yake. Kila siku ninaimwanga. Niko nachoka.”

“Barabara itafunguka.”

“Mimi sikuulize barabara. Ninakuuliza ruhusa ya kulia mu nyumba yangu.”

Kapita aligeukia mchezo. Aliangalia skrini, ambapo mtu wake wa mchezo alisimama chini ya mnara akipumua, kama wanavyopumua wote usipowagusa. Mama akangoja. Halafu akaondoka, akishika ukuta kwa sababu ya ngazi mbovu ya mlangoni, na hakuna aliyeinuka kumsaidia. Tuliona aibu kumtazama.

Siku chache baadaye Kapita aliniita mezani kwake. Alikuwa anajua nywila ya barua pepe ya mwanawe, maana yeye ndiye aliyemfungulia. Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa watengenezaji wa mchezo, wenye picha ya mnara na herufi za dhahabu. Akausoma kwa sauti, akiutafsiri polepole ili na kijana wa mapokezi asikie: “Murhula, tunakukosa. Wenzako mashujaa wanakungojea. Rudi, tumekuwekea zawadi.”

Akanigeukia. Sikuwa nimeona uso ule wa furaha tangu Murhula aondoke.

“Unaona, Munganga? Na bo habajamufuta. Kule mbali kabisa, banamungojea.”

Nilijua ujumbe ule unaandikwa na mashine. Mimi pia niliwahi kuupata nilipougua malaria, neno kwa neno, jina tu tofauti. Wanautuma kwa kila aliyenyamaza, ili arudi kuponda mawe. Kinywa changu kilikuwa wazi tayari. Mimi siwezi kuona kosa nikaliacha, hata kosa la nukta. Lile nililiacha.

“Ninaona, Papa,” nikasema.

Aliutumia ujumbe ule kama ushahidi. Aliwasomea ndugu wa mkewe, akamsomea padri. Padri, naambiwa, alimshika bega tu.

Mara ya mwisho nilipomwona Kapita mchezoni ilikuwa alasiri ya mvua. Barabara ya Kamituga ilikuwa imefunguka siku chache kabla. Tulibaki Fiston na mimi, Mbelgiji wetu, na watu wawili wa Bujumbura. Kapita aliingia na viatu vyenye matope, akaketi, akafungua sanduku la kundi badala ya kutupanga. Vipande vya vazi vilikuwa vimejaa mle kama nguo katika nyumba ya mtu aliyesafiri.

“Munganga,” akasema, “ni tour yako.”

Nilidhani amekosea. “Ni ya Murhula, Papa.”

“Nimesema ni yako.”

Fiston akaacha kucheza. “Papa, kuna mutu alikuja?”

“Asubuhi. Kijana ya Kamituga.” Alitazama mikono yake. “Yeye njo alimuzika. Alinionyesha namna alimulaza, kichwa upande huu.”

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kwenye ukurasa wa maongezi Mbelgiji aliandika alama ya kuuliza, akataka kujua kama tunaanza.

Lile vazi lilikuwa la chuma kizito, la wapiganaji. Mponyaji akilichukua, mchezo haumruhusu kulivaa. Nami, kwa woga wangu wa kukosea, nikasema jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema: “Papa, mimi siwezi kulivaa.”

“Lichukue. Kama haulichukue, tour itabakia kwake.”

Nikabonyeza. Jina la Murhula likaondoka juu ya sanduku, likaja la mtu anayefuata. Kapita akafunga mchezo, akainuka, akaweka kiti mahali pake.

“Leo jioni tunaketi,” akatuambia. “Kwetu viti ni bichache. Mukuje na byenu.”

Nilikwenda na kiti cha plastiki kichwani, nikapanda Muhumba mvua ikiwa imekatika. Tangu barabarani, kabla sijaliona lango lao, nilimsikia Maman Murhula. Alikuwa analia kwa sauti kubwa, akimwita mwanawe kwa jina la ubatizo, kwa jina la babu, kwa majina ya utotoni ambayo sisi hatukuyajua. Nilipoingia uani, Kapita alikuwa ameketi chini kando yake kwenye mkeka, bila viatu, na hakumnyamazisha.